Homa ya Mama Pindo

Kri.

Mlango wa kabati ulifunguka wenyewe, kama kila alfajiri, upana wa kiganja tu, kisha ukatulia.

Mama Pindo alikuwa macho. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, akiusubiri mlio ule kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Kando yake mumewe alikoroma taratibu. Yeye hakusikia kitu. Sikio lake la kulia lilikuwa limeliwa na mitambo ya kuchapa magazeti, miaka thelathini ya kelele, na la kushoto ndilo alilolilalia.

Kabati lilikuwa la zamani, na sakafu ya chumba ilikuwa imeinama kidogo upande wa dirisha. Hata hivyo kwa miaka mingi mlango ulikuwa ukikaa bila taabu. Ulianza kufunguka tangu lilipotundikwa lile gauni. Lilikuwa gauni zito la harusi, lenye bitana na tabaka tatu za kitambaa chini, na lilikuwa likiegemea mlango kwa ndani. Kila jioni mume alikunja kipande cha gazeti mara nne, akakibana chini ya mlango. Kila alfajiri kipande kilitoka. Hakuwahi kuuliza kwa nini gauni lisiondolewe. Alikunja gazeti, basi. Wako wanaume wanaokupenda kwa maneno, na wako wanaokukunjia magazeti.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana alikuwa hakubali nguo itoke mikononi mwake ikiwa pindo limeshonwa kwa cherehani. Mishono mingine sawa, lakini pindo alilishona kwa mkono, sindano na subira. Hakujaliwa mtoto. Kile kipande cha mbele cha jina, "Mama", alikipata kazini kama alivyopata cha nyuma.

Gauni lilikuwa la binti wa rafiki yake. Binti huyo watu wote walimwita Kicheko, kwa kuwa tangu utotoni ukimgusa ubavu tu alicheka mpaka akakaa chini. Kumpima ilikuwa kazi. Futi ikimpita kiunoni alijikunja, akapiga kelele, na mama yake, aliyesimama mlangoni na unga bado kwenye nyusi, alimgombeza:

"Tulia wewe! Umekuja kupimwa au kutekenywa?"

Huyo mama ndiye Mama Mikate, mwoka mikate wa mtaa wa pili. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika barabara nzima, na alikuwa rafiki wa Mama Pindo tangu siku ambazo wote wawili walikuwa wasichana wasiomiliki hata sufuria.

Siku ya kwanza kiuno cha Kicheko kilikuwa inchi ishirini na tisa. Mama Pindo aliandika kwenye daftari lake la vipimo. Wiki tatu baadaye, siku ya kujaribisha, kilikuwa ishirini na saba. Akabana mishono ya ubavuni. Wiki tatu nyingine, kikawa ishirini na tano. Siku hiyo Kicheko alikuja peke yake. Aliomba kukaa mara mbili, pini zikiwa bado mwilini. Bitana ililowa jasho mgongoni, na wala hakukuwa na joto. Na futi ilipompita ubavuni, hakucheka.

Hilo ndilo Mama Pindo alishindwa kulisahau. Futi ilimpita binti ubavuni, na hakucheka.

"Mama mdogo, usinitazame hivyo," Kicheko alisema. "Nimejinyima kula. Nataka gauni lenyewe lishangae."

Mama Pindo aliguna. Midomo yake ilikuwa imebana pini sita, na fundi mwenye pini mdomoni hasemi. Lakini pini hutoka. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, na mdomo ulipobaki mtupu bado hakusema. Mimi ni nani? alijiuliza. Si daktari. Si mama yake mzazi. Nitaonekana namtabiria mabaya bibi harusi. Basi akabana inchi mbili nyingine, na mshono ukalala vizuri kiasi kwamba aliupitishia kidole, akauonea fahari. Mungu amsamehe.

Wiki iliyofuata Kicheko alilazwa. Siku ya tisa akafariki. Ulikuwa ugonjwa wa damu. Jirani mmoja aliyetoka hospitali alisimama mbele ya cherehani akasema, bila nia mbaya yoyote, "Daktari anasema wangemleta hata mwezi mmoja nyuma, labda."

Mama Pindo alilisikia lile neno "labda", akalihifadhi.

Siku ya mazishi alivaa, akafunga kitambaa kichwani, akavaa na viatu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda afunge kamba, na hakuinuka tena. Mume alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi, watu wameshatoka."

"Nasikia homa."

Mume alirudi ndani. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mkewe, paji baridi kama sakafu, akakiacha hapo kidogo. "Kweli," alisema, "una homa. Lala." Akaenda peke yake, na huko alikoulizwa, akawaambia watu hivyo hivyo: mke wangu ana homa.

Kesho yake Mama Pindo hakwenda kutoa pole kwa sababu jana yake hakwenda kuzika. Wiki ya pili hakwenda kwa sababu ya wiki ya kwanza. Kila siku iliyopita ilikuwa tofali jingine juu ya ukuta, na ukuta aliujenga mwenyewe, kwa mkono, kama anavyoshona pindo. Ikatimia miezi kumi na moja.

Lakini kila Jumamosi mume alikwenda kununua mkate kwenye dirisha la Mama Mikate. Na kila Jumamosi Mama Mikate alifunga mkate mkubwa, halafu juu yake akaweka mkate mdogo wa mviringo, ule aliozoea kuwagawia watoto, akasema bila kuinua macho, "Huu wa mgonjwa wa homa." Mume aliuleta nyumbani, akauweka mezani, akatoka uani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mama Pindo aliula akiwa wima, ameipa meza mgongo. Hakujua kama mkate ule ni upendo au ni kijembe. Pengine vyote viwili vilikandwa pamoja.

Jumamosi iliyopita mume alirudi na mkate mkubwa peke yake.

"Hayupo," alisema. "Dirishani kuna mwanamke mwingine. Wiki nzima hii Mama Mikate hajaja kazini."

"Anaumwa?"

"Wanasema amechoka tu. Wanasema nguo zimemshinda mwili, zinaning'inia kama ziko kwenye kamba." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Mimi sisemi kitu. Nimeleta mkate."

Na hiyo ndiyo sababu, Jumatatu ile alfajiri, mlango ulipolia kri, Mama Pindo hakugeukia ukutani kama kawaida yake. Aliinuka, akakanyaga sakafu baridi, akaufungua mlango wa kabati wote. Gauni lilikuwa pale, jeupe gizani. Alishika kiuno cha gauni kwa mikono miwili. Vidole vilikaribia kukutana.

Alichemsha chai. Mume alipoamka alimkuta ameshavaa.

"Unakwenda wapi na giza hili?"

"Siendi na giza. Nitangoja kupambazuke."

Mume alikaa, akamimina chai, akapuliza. "Nikusindikize?"

"Ukinisindikiza nitarudi na wewe," alisema Mama Pindo. "Nikiwa peke yangu labda nitaona aibu kurudi."

"Haya," mume alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Na ukirudi kabla ya kufika, chai itakuwepo. Sitakuuliza."

Jua lilipotoka, Mama Pindo alitoka. Alifika kwenye kona ndipo fundi viatu, aliyekuwa akipanga nyundo na gundi yake, alipompigia kelele:

"Fundi! Leo unapima barabara?"

Mama Pindo akajishika shingoni. Futi ilikuwa inaning'inia pale pale, kama inavyokaa siku zote akiwa kazini. Miaka yote hiyo ilikuwa imegeuka sehemu ya nguo zake. "Napima midomo ya watu," alimjibu. "Yako imezidi." Fundi viatu akacheka, na Mama Pindo akaendelea kutembea na futi yake shingoni, kwa sababu akirudi kuiweka alijua hatatoka tena.

Mama Mikate alikaa ghorofa ya tatu, katika jengo lenye ngazi nyembamba na ukumbi wazi mbele ya milango, ambako kila mwenye nyumba alifunga kamba ya nguo. Ghorofa ya kwanza Mama Pindo alisimama kupumzika. Ghorofa ya pili alisimama tena, ingawa hakuwa amechoka. Ya tatu alifika mlangoni, akainua mkono kubisha. Ndani redio ilikuwa inasoma habari kwa sauti ya chini. Mkono ulibaki juu.

Utamwambia nini? Pole? Pole ya miezi kumi na moja ni pole gani hiyo? Halafu akikuuliza ulikuwa wapi? Halafu akikuuliza, fundi, wewe uliyemshika mwanangu kiuno, hukuona?

Akashusha mkono. Akageuka taratibu ili viatu visilie, akaanza kurudi zilipo ngazi.

Nguo iliyoanikwa ukumbini ilimgusa uso. Ilikuwa koti la kazi la Mama Mikate, lile jeupe la kuokea. Mama Pindo alilijua kabla hajalitazama vizuri, maana alilishona yeye. Alilisukuma apite, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kuomba ruhusa kwake, vikashika mshono wa ubavuni.

Mshono ulikuwa umebanwa. Umebanwa kwa mkono usiojua kushona, hatua ndefu ndefu, kwa uzi mnene wa kufungia magunia ya unga. Akavuta kitambaa kwenye mwanga. Ndani ya mstari ule wa uzi kulikuwa na mstari wa pili, wa uzi ule ule, inchi moja zaidi.

Kabana, halafu kabana tena.

Mama Pindo alisimama pale ameshika ubavu wa koti. Mara ya kwanza hukujua, aliwaza. Mara hii unajua.

Alirudi mlangoni, akabisha kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Redio ilizimwa. Miguu ilikokota. Mlango ukafunguka, na Mama Mikate akasimama pale na kanga ya nyumbani mabegani, mashavu yameingia ndani, shingo nyembamba. Walitazamana. Hakuna aliyeshangaa kwa sauti.

"Homa imepoa?" Mama Mikate aliuliza.

Sauti yake ile kubwa haikuwepo. Mama Pindo alifungua mdomo, na badala ya jibu kikatoka kilio, kilio cha mtu mzima, kibaya, cha pua na mabega. Mama Mikate hakumkumbatia. Lakini alisogea pembeni, akaacha mlango wazi, na hilo nalo lilikuwa jambo.

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Picha ya Kicheko ilikuwa juu ya kabati la vyombo, anacheka, jicho moja limefumba. Mama Mikate alikaa kitini. Mama Pindo hakualikwa kukaa, akabaki amesimama kama mteja.

"Sikuwa na homa," alisema.

"Najua. Mumeo hajui kusema uongo. Alikuwa anasema 'homa' huku akitazama viatu vyake."

"Kuna jambo lazima nikwambie. Nikishasema, ukitaka nitoke nitatoka."

"Sema. Mimi siku hizi sina pa kwenda."

Mama Pindo alisema. Alisema ishirini na tisa, akasema ishirini na saba, akasema ishirini na tano. Alisema kuhusu jasho kwenye bitana, na kukaa mara mbili, na ubavu ambao haukucheka. "Niliona," alisema. "Mikono yangu iliona. Nikabana nguo, nikanyamaza."

Chini barabarani mtu alikuwa anaburuta kitu cha chuma.

"Ungeniambia," Mama Mikate alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Neno moja tu. Ungenijia dirishani, ukaniambia, mwangalie mwanao."

"Ndiyo."

"Nilikuwa natoka saa tisa usiku kwenda kuwasha tanuri. Nikirudi amekwenda kazini. Nilikuwa namwona amelala, amejifunika." Alifuta uso kwa kiganja, toka juu mpaka chini, kama mtu anayefuta meza. "Sikumshika kiuno mimi. Wewe ndiye ulimshika."

Mama Pindo hakujitetea. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, ya kwamba yeye si daktari, ya kwamba binti mwenyewe alisema anajinyima. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya kiti kile.

"Basi umesema," Mama Mikate alisema. "Nenda."

Mama Pindo akageuka. Akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo ndipo angeweza kwenda nyumbani akanywe chai. Alikuwa ameomba radhi, amefukuzwa kwa haki, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kuondoka. Lakini pale nje, pembeni ya mlango, lile koti lilikuwa linacheza kwenye kamba.

Akafunga mlango, yeye akiwa ndani.

"Simama," alisema.

"Nini?"

"Simama, nikupime."

Mama Mikate alimtazama kama anayemtazama kichaa. "Mimi nimekufukuza, wewe unataka kunishonea?"

"Sishoni. Simama, mwenzangu. Nakuomba."

Labda ni uchovu, labda ni mazoea ya miaka mingi ya kuinua mikono kila alipoambiwa na fundi huyu. Mama Mikate alisimama. Mama Pindo alivuta futi shingoni, akaizungusha. Mwili ule aliujua kama anavyoijua meza yake, na sasa mikono yake ilikuwa inatafuta mahali ulipokwenda. Hakuwa na pini mdomoni. Alisoma kwa sauti:

"Thelathini na nne. Koti lako la mwisho nilikukatia arobaini na moja."

"Ni huzuni. Nani anashiba akiwa amezika?"

"Inawezekana. Mimi sijui, mimi ni fundi wa nguo. Lakini umebana koti mara mbili, na uzi wa magunia. Unatoka jasho usiku?"

Mama Mikate alivuta kanga yake mabegani.

"Unatoka jasho?"

"Sasa ndiyo unapata mdomo!" Sauti kubwa ilirudi ghafla, ikapasuka katikati. "Sasa! Mtoto wangu alipokuwa hai mdomo huo ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa umefumba," alisema Mama Pindo, na machozi yalikuwa yanaanguka juu ya futi. "Nitaujutia mpaka naingia kaburini. Lakini leo haufumbi. Nitukane ukitaka, tena unitukane njiani. Vaa viatu, twende zahanati."

Mama Mikate alikaa chini tena. Alilia kimya, mikono imelala mapajani, viganja juu. Mama Pindo alitazama huku na huku, akaona viatu chini ya meza. Akapiga magoti, akamvalisha mguu wa kulia, akamvalisha wa kushoto, akafunga kamba. Za kiatu chake mwenyewe, siku ile ya mazishi, zilikuwa zimemshinda.

Zahanati ilikuwa karibu na hakukuwa na watu wengi. Muuguzi kijana alimpima Mama Mikate uzito, akampima tena, akampa kiti chake mwenyewe akae. Akamtoa damu kwa upole, akimsimulia habari za mkate aliokuwa akinunua kwake alipokuwa shuleni. "Na huyu mama uliyekuja naye ni nani wako?" aliuliza, akiandika.

Mama Pindo aliinamisha kichwa.

"Fundi wangu," alisema Mama Mikate, baada ya kufikiri. "Andika hivyo."

Majibu yangetoka Alhamisi. Walirudi polepole, mmoja amemshika mwingine kiwiko. Kwenye kona fundi viatu aliwaona, akafungua mdomo aseme jambo, akaona nyuso zao, akaufunga. Alivua kofia tu, walipopita.

Walipanda ngazi wakipumzika kila ghorofa. Mlangoni Mama Mikate aliegemea ukuta, akavuta pumzi.

"Lile gauni," alisema. "Ulilifanya nini?"

"Lipo kabatini. Kila alfajiri linafungua mlango. Mume wangu anabana na gazeti, halisikii."

Mdomo wa Mama Mikate ulitikisika, nusu ya kutaka kucheka, na nusu ile nyingine ikashinda. Alitazama koti lake kwenye kamba kwa muda.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua, mwenzangu."

Mama Mikate alifungua mlango, akaingia. Kisha akarudi, akashika ukingo wa mlango kwa mkono ule uliokonda, na pamba ya zahanati bado imebandikwa penye mkunjo wake.

"Uje tena kesho," alisema. "Uje na lile gauni, nataka nilishike. Na Alhamisi siendi peke yangu." Alimtazama rafiki yake juu mpaka chini, na futi yake shingoni. "Uje tena. Tafadhali usipate homa."